Mvua ya Mwaka Huu Ndani ya Bomba la Mwaka Jana

Mnaniita Papa Tuyau, yaani Baba Bomba, na mkinikuta njiani wengine huziba pua kwa utani. Sikasiriki. Mtu aliyeshughulika na maji machafu tangu ujana wake hawezi kuchukizwa na kicheko. Mungu alinipa pua ngumu na moyo mwepesi, nami namshukuru kwa vyote viwili. Ila juzi, baada ya Misa, mmoja wenu aliyetoka kusomea ujenzi Goma alinisimamisha akaniuliza: "Papa, zamani mulikuwa munajuaje kama tuyau imepona kweli?" Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani mwenyewe. Nimekaa chini kulijibu kwa kalamu, kwa sababu jibu lake lina vita ndani yake, lina kompyuta iliyonuka samaki, lina moshi, na lina mama mmoja aliyekuwa na haki ya kutukasirikia.

Kwanza mnisikilize hapa. Kutengeneza bomba si kazi ngumu sana. Ukiwa na saruji, majembe na watu wa kuchimba, utalitengeneza. Kazi ngumu ni kujua kama ulilolitengeneza limetengenezeka. Daktari akikushona mguu, wewe mwenyewe utamwambia kama unatembea. Bomba limezikwa kama marehemu, halisemi kitu, na wote wanaolizunguka wanataka ulisifu: aliyeleta saruji anataka, waliochimba wanataka, na wewe mwenyewe, mgongo ukikuuma, unataka kuliko wote.

Nilianza kazi Walikale, kwenye misioni, chini ya fundi aliyeitwa Papa Mateso. Alinifundisha kioo. Jua likiwa kali, unafungua vifuniko vya mashimo mawili yanayofuatana, yale mashimo ya kuteremkia tunayoyaita regard. Mmoja anasimama kwenye shimo la kwanza na kioo mkononi, anapeleka mwanga wa jua ndani ya bomba. Mwingine anainama kwenye shimo la pili na kutazama. Ukiona mwezi mzima, bomba limenyooka. Ukiona mwezi uliokatwa, bomba limebonyea. Usipoona mwezi wowote, mna mizizi au mna panya, na uinue uso wako haraka. Mjifunze kioo, vijana. Hakihitaji umeme wala ruhusa ya mtu.

Mwendo wa maji Papa Mateso aliupima kwa gunzi la mahindi na kwa sala. Alitupa gunzi kwenye shimo la juu, akaanza Salamu Maria moja baada ya nyingine mpaka gunzi litokeze kwenye shimo la chini. Sala zikiwa chache, maji yana mbio. Siku moja nilimwambia:

"Papa, jana maji ilikimbia kuliko leo, na mvua ni ile ile."

"Jana nilikuwa nimekula," akajibu. "Leo niko na njaa, ninasali mbio mbio, Salamu zinakuwa mingi. Unaona, mutoto wangu? Ukipima na kinywa yako, unapima na tumbo yako pia."

Nilicheka wakati ule. Nilikuja kumwelewa Masisi, baada ya miaka mingi.

Vita vilipofika Walikale tulitoka kwa miguu, familia kwa familia, tukipanda kuelekea Masisi. Mimi Mungu alinishusha Lushebere. Pale palikuwa na hospitali ndogo ya misioni juu ya kilima, na chini yake kambi ya waliokimbia ilikuwa inakua kila wiki. Kutoka hospitalini lilishuka bomba la zamani la saruji, likapita pembeni mwa kambi, likaenda kumwaga kwenye mashimo ya kuchujia kule bondeni. Lilitandazwa na mapadri kabla hatujazaliwa. Mizizi ya mikaratusi ilikuwa imeingia kwenye maungio, na malori ya askari yaliyopita juu yake yalikuwa yamelipasua huku na huku.

Sasa hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Chini kidogo ya regard ya mwisho ilikuwepo chemchemi. Maji yake yalikuwa baridi na matamu, na kambi nzima ingeweza kuyategemea. Lakini mvua kubwa ikinyesha, bomba lilijaa, kifuniko cha regard ya mwisho kikanyanyuka kama kifuniko cha sufuria, na uchafu wote ukateremkia chemchemi. Watu wakaugua. Daktari wa hospitali akaifunga chemchemi kwa miti na miiba, akasema haitafunguliwa mpaka bomba lipone na mtu anayejua aseme kwamba limepona.

Kwa hiyo akina mama wakawa wanateka maji mtoni, ng'ambo ya barrière, kizuizi cha njiani cha watu wenye silaha. Aliyewaongoza alikuwa Mama Nyota, mkimbizi wa Walikale kama mimi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Alikuwa anawapanga wenzake waende kwa kundi na warudi kwa kundi, na hakulala kwa amani siku ambayo kundi lilichelewa. Alinijia kila asubuhi.

"Papa Tuyau, tunaomba kitu moja tu. Mutufungulie ile source. Kule ku barrière banatuangalia kama mbuzi ya soko. Jana bamekamata bidon yangu. Kesho batakamata nini?"

Nilimwambia tunaomba Mungu. Akaniambia yeye pia anaomba, ila anaomba akiwa na bidon, dumu lake la maji, kichwani.

Jibu la sala zake lilikuja ndani ya gunia la sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Shirika moja lilimtuma mhandisi, binti wa Butembo aliyeitwa Kavira, mdogo wa umbo, buti za mpira zimempita magoti. Alisafirishwa na Papa Kasereka, mfanyabiashara Mkatoliki wa Butembo ambaye alikuwa na duka Lushebere na lori la kupakia maharage. Njiani, kuanzia Sake kupanda, kila barrière ilikuwa inachukua kitu. Papa Kasereka alipita kwanza Shasha, akanunua sambaza waliokaushwa, akaifunga kompyuta ya Kavira ndani ya plastiki na kuizika katikati ya gunia.

"Ni nini humu?" askari akauliza, akilichoma gunia kwa kidole.

"Sambaza, chef. Ya Shasha. Onja."

Akaonja, akajaza kofia yake, akawaruhusu. Alichukua samaki akaacha kompyuta, na mpaka leo nadhani ana furaha na chaguo lake. Lakini plastiki haikuwa imefungwa vizuri. Kompyuta ile ilinuka sambaza mpaka mwisho wa kazi. Kila tulipoifungua, paka wa kambi walikuja kukaa mbele yake kama wanafunzi.

Siku ya kwanza Kavira hakutaka kuchimba. Alitaka kupima. Mimi nilikuwa tayari na jembe begani.

"Papa, tukitengeneza kwanza, tutalinganisha na nini?" akaniuliza. "Lazima tujue ugonjwa wake mbele ya kuipa dawa."

Vijana, neno hilo mliandike penye kuonekana: upime kabla hujagusa. Ukishatengeneza, bomba bovu limekwenda, na hakuna atakayekurudishia ulipime.

Tukaweka bati lenye mkato wa pembe ndani ya regard ya mwisho, ili maji yote yapite kwenye mkato; ukitazama yamefika urefu gani, unajua ni mengi kiasi gani. Na juu, kwenye uwanja wa kambi, tukaweka chombo cha kupima mvua. Siku mbili za kwanza kilitupa hesabu za ajabu mpaka tulipomkuta kuku akinywa humo. Tukakipandisha juu ya mti mrefu. Hapo wale wa barrière wakaja na bunduki.

"Hii ni antenne ya nani?" mmoja wao akauliza.

"Si antenne, chef," Kavira akasema. "Ni ya kupima mvua."

"Mvua inapimwa juu ya nini? Si inanyesha tu?"

Nikaona uso wa askari yule umeanza kukunjamana, nikaingilia: "Chef, hata Nuhu alipewa hesabu ya mvua. Asingepewa, angejuaje safina ni ya kukaa muda gani?"

Akanitazama, kisha akacheka mpaka bunduki ikateleza begani. Tangu siku ile aliniita Papa Nuhu, na kila mvua ilipokatika alinipigia kelele kutoka barrière: "Nuhu! Leo imejaa?" Sikusahau kwamba ndiye aliyewatisha mama zetu. Lakini nilimwombea, na chombo chetu hakikuguswa.

Sasa niwaeleze kompyuta ilifanya nini, maana mimi mwenyewe mwanzoni nilidhani ni ya kuandikia barua. Kavira alichora ndani yake bomba letu zima: urefu wake, mteremko wake, kila regard, kila paa la hospitali, na udongo wa kilima. Akalinyeshea mvua tuliyoipima, halafu akaliuliza: mvua hii ikinyesha, maji mangapi yatafika kwenye regard ya mwisho? Kompyuta ikachora mstari. Yeye akachora juu yake mstari wa maji tuliyoyapima kwa kweli. Mistari ikapishana kama walevi wawili njiani. Akarekebisha nyufa, akarekebisha udongo, akauliza tena.

Mimi nilisomea ukatekista, na jambo hilo nililielewa mara moja. Ndivyo tunavyowafundisha wakatekumeni. Unauliza, anajibu vibaya, unamrekebisha kwa upole, unauliza tena. Siku mistari miwili ilipokwenda pamoja, hata kwa mvua ambayo kompyuta haikuwa imewahi kuiona, nikasema: "Sasa inaweza kubatizwa." Kavira akacheka, lakini akaiandika tarehe ile.

Lile bomba la ndani ya kompyuta alilihifadhi jinsi lilivyokuwa, bovu, na nyufa zake zote. "Hii njo mugonjwa wetu," akaniambia. "Tutamuuliza tena kisha."

Ndipo tukachimba. Papa Kasereka alileta mabomba ya plastiki kwa lori lake. Tulitoa mizizi iliyojaa bomba kama nywele za jitu, tukafunga maungio, tukabadilisha vipande vilivyopondeka. Kazi ilipokwisha tulifanya Misa ya shukrani pale pale kilimani. Mwisho wa Misa alisimama Papa Bauma, kiongozi wa salongo. Kwa mliozaliwa juzi, salongo ni ile kazi ya wote, asubuhi moja kila wiki, na asiyekuja hulipa faini. Papa Bauma, mkulima wa Kihunde ambaye ukoo wake ulilima kilima kile tangu zamani, alikuwa na filimbi shingoni hata kanisani.

"Bandugu!" akasema. "Mungu ametupatia tuyau ya mupya. Sasa sitaki tena kuona maji inazurura mu njia kama mulevi. Tutaheshimu hii tuyau!"

Tukapiga makofi. Mimi na Kavira tulipiga makofi kuliko wote.

Msimu ulianza. Mvua zikanyesha, kifuniko cha regard ya mwisho kikatulia. Maji kwenye bati yalikuwa machache kuliko mwaka uliotangulia. Kambi ikafurahi, Papa Kasereka akachinja mbuzi, daktari akatuma watu waanze kuondoa miiba kwenye chemchemi. Mama Nyota alisuguasugua bidon zake kwa mchanga mpaka zikang'aa.

Kavira alikaa dukani kwa Papa Kasereka, kwenye jenereta, akaichukua mvua ya msimu ule na kuimimina ndani ya mgonjwa wetu, lile bomba bovu la mwaka uliopita lililokuwa kwenye kompyuta. Akaliuliza: wewe, kama ungekuwa bado hai, mvua hizi ungezifanyaje? Kompyuta ikachora. Nikamwona anaacha kutafuna nyama.

"Papa," akasema, "mvua ya mwaka huu ilikuwa kidogo. Hata tuyau ya zamani ingetulia hivi hivi. Ile mumependa kusifu si tuyau. Ni jua."

Hilo, vijana, ndilo jambo nililotaka kuwaambia kuliko yote. Mvua haziji mbili zilizo sawa. Ukilinganisha msimu na msimu, unampima Mungu, hulipimi bomba. Ukitaka kujua dawa imesaidia, uichukue mvua ya mwaka huu uinyeshe juu ya bomba la mwaka jana. Kwa macho hilo haliwezekani. Kwa kompyuta linawezekana. Nikamkumbuka Papa Mateso na tumbo lake.

Kavira akaenda kwa daktari mwenyewe, akamwomba arudishe miiba. Habari ilifika kambini kabla yake. Mama Nyota alimngoja njiani, mikono kiunoni, wanawake wengine nyuma yake.

"Weye Mama Ingénieur! Kifuniko hainyanyuke, bantu bote baliona. Weye njo unaona maji yenye haiko?"

"Mama, mvua ya nguvu haijakuja bado."

"Sisi njo tunakufa mu njia, na weye unangoja mvua! Ile ka-machine yako inanuka samaki, kwani inajua njaa ya muntu? Inajua barrière?"

"Haijue, Mama," Kavira akasema polepole. "Inajua tu maji. Na nikisema uongo juu ya maji, watoto watakunywa."

Mama Nyota alitema mate pembeni, akabeba bidon yake safi, akashika njia ya mtoni. Nilitembea nyuma ya Kavira mpaka dukani. Nilisali rozari nzima nikiomba jambo la ajabu kwa fundi wa mabomba: niliomba mvua kubwa.

Mvua hiyo ikaja siku ya soko. Ilianza upande wa Muheto, ikavuka milima kama ukuta mweusi, ikaangusha vibanda vya wauzaji. Tulikimbilia regard ya mwisho tukiwa tumelowa. Mama Nyota alikuwa ameshafika. Tukasimama watatu tukitazama kifuniko. Kikatikisika. Kikanyanyuka upande mmoja, kikageuka, na maji meusi yakatoka yakashuka kwenye chemchemi iliyofungwa kwa miiba.

Mama Nyota aliyatazama mpaka mvua ilipopungua. Kisha akamgeukia Kavira. Alisema maneno mawili tu, bila kengele sautini: "Basi, tafuta."

Tukatafuta. Kavira alifungua kompyuta, paka wakaja, akanionyesha mistari. Zamani, mvua ikinyesha, maji ya bomba yalipanda taratibu na kushuka taratibu, kama kilima. Mvua ilikuwa inapita kwanza kwenye udongo, halafu kwenye nyufa, na hata mbingu zikishatakata udongo uliendelea kulidondoshea bomba. Sasa mkia ule mrefu ulikuwa umekwisha. Nyufa zilikuwa zimepona kweli! Nikasema Asante Yesu. Lakini mahali pa kilima palikuwa pamesimama mkuki: maji yalipanda mara moja na mvua, yakashuka mara moja na mvua.

"Hii haijapita mu udongo, Papa. Inatoka ku paa, inaingia mbio. Kuna muntu anaingiza mvua ndani ya tuyau."

"Nani? Mimi napita kila siku, sioni kitu."

"Njo tumuulize tuyau yenyewe. Ku masomo walituonyesha kusukuma moshi na machine. Hapa tutafanya na nini?"

Machine ya moshi hatukuwa nayo, ila mhunzi wa soko alikuwa na mivukuto. Tulimwarifu daktari, tukawaarifu na wale wa barrière, maana wakati wa vita moshi una tafsiri nyingi. Tukawasha majani mabichi ya mkaratusi ndani ya pipa, tukaliunganisha na regard ya katikati, tukaziba pembeni kwa matope, na mhunzi akaanza kuvukuta.

Mnisamehe, hata leo nacheka ninapoandika. Mwanzoni hakikutokea kitu. Halafu nyuma ya kanisa, chini ya paa, moshi ukachungulia. Halafu kwa mshonaji. Halafu nyumba kwa nyumba mpaka juu kilimani, kutoka kwenye nyasi nzuri zilizopandwa kwa mstari, moshi mweupe ukapanda. Na kwenye duka la Papa Kasereka, lenye paa kubwa kuliko yote, mifereji ya bati ilifuka pande zote mbili kama pua za fahali. Papa Kasereka akatoka mbio amekumbatia magunia ya sukari.

"Moto! Duka inaungua! Bikira Maria, duka yangu!"

"Si moto, kaka," Kavira akamwita. "Ni tuyau inakusalimia!"

Papa Bauma akafika akipuliza filimbi, haelewi tunacheka nini. Nikamuuliza imekuwaje mvua ya mapaa yote iko ndani ya bomba. Akanyooka kwa fahari.

"Ni salongo! Kila wiki tulichimba, tukalaza mianzi chini, tukafunika vizuri, tukapanda na majani. Nilisema mu Misa: maji isizurure tena. Si mulipiga makofi?"

Tulikuwa tumepiga. Hakuna aliyetuficha kitu. Watu walikuwa wamelipenda bomba lao jipya mpaka wakaliletea kila tone la kilima, kama sadaka, na kazi yao ilikuwa safi kiasi kwamba jicho la fundi lilipita juu yake kila siku na kusifu majani. Papa Kasereka ndiye aliyeendesha kompyuta yetu kwa jenereta yake, na ndiye aliyelijaza bomba kwa paa lake, vyote kwa moyo mmoja mwema.

Papa Bauma alipoelewa, alivua kofia. Nilidhani atakasirika.

"Kumbe tuliilisha mutoto chakula ya mukubwa," akasema. Kisha akaweka filimbi mdomoni.

Salongo iliyofuata hakuna aliyelipa faini, kwa sababu hakuna aliyekosa. Wakang'oa mianzi yote, wakaziba matundu kwa saruji, wakachimba mtaro wa wazi wa mvua peke yake, unaoshukia mbali na chemchemi. Mama Nyota alichimba kuliko wanaume wawili, na aliwataja kwa majina.

Tukangoja tena. Subira ni kifaa cha kazi yetu kama vile kioo. Ila dukani haiuzwi. Mvua iliyokuja mwishowe ilikuwa nzito kuliko ile ya siku ya soko. Nilipofika kwenye regard ya mwisho nilikuta umati. Watu wa kambi walikuwa wamejifunika majani ya migomba, watoto mabegani, Papa Kasereka na mwavuli wake mkubwa, mhunzi, mapadri, hata yule askari wa barrière amesimama pembeni bila kuniita Nuhu. Wote wanatazama kifuniko cha saruji. Mtaro wa pembeni ulikuwa unanguruma. Kifuniko kilikaa. Mtu akasema, "Sasa." Kikakaa. Mvua ikaongeza nguvu, na kikaendelea kukaa kama jiwe la kaburi la tajiri. Mvua ilipokatika, umati ule uliolowa ukakipigia makofi kifuniko kwa sababu hakikufanya lolote.

Kavira hakupiga makofi bado. Alikwenda kumuuliza mgonjwa wa zamani. Kompyuta ikachora mstari wa bomba bovu chini ya mvua ile, na mstari huo ulikwenda juu kabisa, kupita kifuniko. Mstari wetu wa kweli ulilala chini yake, mbali, umetulia. Akautazama sana. Akamsukuma paka, akafunga kompyuta, akaenda kwa daktari. Daktari alisafisha chemchemi, akapima maji yake mara kwa mara mpaka akaridhika, na asubuhi moja miiba ikaondolewa.

Mama Nyota alijaza bidon ya kwanza. Wote tulidhani atakunywa. Akaibeba mpaka mahali Kavira alipokuwa amesimama na buti zake, akainamisha bidon.

"Nawa mikono," akamwambia. "Leo unakula kwangu. Na weye Papa Tuyau, nawa sana."

Tukanawa kwa maji yale baridi. Ndani ya kibanda chake alikuwa amepika bugali na samaki.

"Ni sambaza," akamwambia Kavira. "Niliona ka-machine yako inaipenda."

Akaniomba nibariki chakula. Basi nikashukuru. Nilishukuru kwa bomba, kwa mivukuto ya mhunzi, kwa filimbi ya Papa Bauma, kwa mvua ndogo iliyotudanganya na mvua kubwa iliyotuambia kweli. Nikashukuru kwa kifuniko kilichokaa, na kwa njia ya mtoni ambayo asubuhi ile haikuwa na mwanamke hata mmoja juu yake. Nilikuwa bado naendelea nilipohisi kiwiko mbavuni.

"Amina, Papa," akasema Mama Nyota. "Bugali inapoa."